Kombe la Usafi Liko Mezani

Mgeni rasmi, Bwana Mwenyekiti wa Bodi, meneja wetu, na familia zetu mliofika: sisi wa tanuri la Kiwanda cha Chai cha Cheptabut tunawakaribisha. Tuliambiwa tuzime moto ili joto lisimsumbue mgeni, ndiyo maana leo tanuri limetulia hivi.

HISTORIA
Kiwanda kilipofunguliwa mwaka wa 1976, mabomba yanayopasha hewa ya kukausha chai yalikuwa ya chuma chenye madini ya kromiamu. Kwenye moto yalijivika ngozi nyembamba ya kijivu, na ngozi hiyo ndiyo iliyoyakinga yasiliwe na moto. Sisi hatukujua.

MAFANIKIO
Sisi tuliona uchafu. Kila Jumamosi tuliingia na brashi za waya tukakwangua hadi chuma king'ae. Ngozi ikirudi, tunakwangua tena. Mwaka wa 1994 wewe mwenyewe, mgeni rasmi, ulitupa Kombe la Usafi, ukasema tuongeze bidii. Tuliongeza. Mficha uchi hazai, Mheshimiwa: mabomba yale tuliyamaliza kwa mikono yetu.

CHANGAMOTO
Mwaka juzi yalipoisha, yaliwekwa ya chuma cha kawaida. Fundi aliyekuja kuyafunga ndiye aliyetueleza kosa letu, nasi wote tukatazama chini. Chuma hiki hakijui kujikinga. Kinabambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na kila gamba likianguka, bomba linabaki jembamba zaidi. Mwezi wa Machi moja lilitoboka, mwenzetu Mokaya akiwa mlangoni mwa tanuri, hewa ikausukuma moto nje, ukamrukia usoni. Amekaa mstari wa mbele na mkewe, Nyanchoka. Ukimfikia, tafadhali jitaje kwa jina, kwa maana hakuoni.

MAOMBI
Tunaomba mabomba yenye kromiamu. Tumeandika barua tatu, na kusema kweli tumekata tamaa.

Basi tuna ombi jingine, dogo. Kwenye ratiba tumeona utatukabidhi tena Kombe la Usafi. Tunakusihi usitukabidhi. Lile la kwanza liko mezani mbele yako. Mokaya amelipangusa asubuhi kwa kupapasa. Urudi nalo.

Saa nane, gari lako likishatoka langoni, mwenzetu Kiplangat atawasha moto na kusimama pale pale aliposimama Mokaya.

Mungu akufikishe nyumbani salama, nasi atufikishe mwisho wa shifti.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Tanuri, Cheptabut, 1998
Msomaji: Drusilla Chepkurui, Katibu