Bi Jalada na Kompyuta Tisa za Masjala

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Jalada anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja, yote katika masjala. Jina hilo alipewa na wauguzi, kwa sababu ukimtajia mgonjwa wa miaka kumi iliyopita, alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye rafu na kurudi na jalada lake mkononi.

Kompyuta zilipoingia masjala, Bi Jalada alizipokea kama mtu anavyompokea mgeni asiyepiga hodi. Alijifunza kwa shida, akazoea. Kisha, miaka sita iliyopita, mfumo uliokuwa ukiziendesha ukapitwa na wakati. Asubuhi moja daftari la wagonjwa lililomo kwenye kompyuta liligoma kufunguka kwa saa mbili nzima, na mabenchi yakajaa hadi mlangoni.

Uongozi uliamua tuhamie mfumo wa programu huria, yaani usiolipiwa leseni, ambao ungefaa kompyuta zetu tisa kuukuu. Kwenye kikao, fundi wetu wa kompyuta aliusifia mfumo anaoutumia mwenyewe. Bi Jalada, ambaye kwa kawaida vikaoni hafungui kinywa, aliinua mkono.

“Baba, huo utatumiwa na wewe au na sisi?”

Watu walicheka, fundi naye akacheka. Lakini kesho yake alikuja na kompyuta tatu, akazipanga karibu na dirisha la masjala, kila moja na mfumo wake wa Linux, aina mojawapo ya programu hizo huria, akamwomba Bi Jalada achague yeye.

Alizijaribu kwa wiki tatu, akiandika kila kitu kwenye daftari. Kipimo chake kilikuwa kimoja: mtu asiyejua kitu aweze kutafuta kadi, kuandika barua na kuichapisha bila kumwita fundi. Mfumo wa kwanza ulipendeza macho, ila kwa kompyuta zetu mtu angemaliza kikombe cha chai barua haijafunguka. Wa pili ulikuwa mwepesi, lakini printa haikukubali mpaka uiandikie amri ndefu. “Huu ni wa fundi,” aliandika. Wa tatu ulikuwa na menyu kwenye kona ya chini aliyoizoea, maandishi yake yaliweza kukuzwa, na printa uliitambua wenyewe. Huo ndio tunaoutumia hadi leo.

Jambo ambalo hatukulijua, tumelisikia juzi tu kwa mume wake, dereva mstaafu. Wakati ule mkewe alikuwa ameshaandika barua ya kuomba kustaafu mapema. Aliona kompyuta zimemshinda, na hakutaka aonekane mzigo. “Alhamisi moja akarudi nyumbani, hata mkoba hajaweka chini,” mzee alitusimulia. “Akaniambia, ‘Leo nimechapisha mwenyewe.’ Ile barua akaichana mbele yangu.”

Baada ya hapo aliwafundisha watumishi arobaini na wawili, kuanzia mapokezi hadi duka la dawa. Alifundisha akiwa amefunga mikono nyuma ya mgongo, asije akashika kipanya cha mtu. Ukikwama, alisubiri. Ukiona haya, alikusimulia alivyowahi kuzima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani, siku tatu mfululizo. Daktari mmoja aliyelalamika kwamba mfumo mpya umemeza ripoti yake alionyeshwa taratibu kwamba aliitupa mwenyewe kwenye kapu la taka. Siku hizi ndiye anayewaelekeza wenzake.

Mimi nilikaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na minne, na ni mmoja wa hao arobaini na wawili. Nilikuwa naogopa kuuliza. Kwake sikuwahi kuogopa.

Bi Jalada, asante kwa subira yako na kwa mkono ule ulioinua kikaoni. Nenda ukapumzike na mzee, ulale hadi jua lipande, na afya ikusindikize kila siku. Masjala tutaiangalia vizuri, na tukikwama tutakupigia simu.