Historia ya Ponsiano Mathias, Aliyeimba Nusu ya Mstari

Padri, shehe, wazee wa Misima na wa hapa kambini, ndugu na majirani, wakubwa wangu mliobaki wachache shikamooni, na wadogo nawaambia marahaba hata msioniamkia. Mimi ni Fatu binti Hussein, dada wa marehemu kwa mama, na ukoo umenipa kazi ya kusoma historia yake, nimeiandika kwa mkono wangu, ingawa ipo na nyingine iliyochapwa kwa mashine, ameileta Bwana Habakuki wa ofisi ya shamba, yule aliyejisogeza karibu na mjane, kalamu iko mfukoni, anasubiri mjane atie sahihi kabla ya udongo, hiyo nayo nitaifikia, naomba asiondoke.

Marehemu Ponsiano Mathias alizaliwa tarehe 14 Septemba 1961 katika kambi hii ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, akiwa mtoto pekee wa Mzee Mathias, aliyeletwa kutoka Kigoma kama manamba, na mama yetu Shamimu binti Mbaruku wa Misima, Handeni, ambaye baba yangu alipofariki aliolewa huku kambini na mtu wa dini nyingine, jambo lililosemwa sana kule Misima, na waliolisema sana ndio waliokuja kula kwake mwaka wa njaa, majina ninayo ila leo si siku yake.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 akamaliza darasa la saba, mimi niliishia la nne, lakini tarehe nazisoma vizuri, hilo mlishike.

Tarehe 5 Februari 1979 alikabidhiwa kisu akawa mkata mkonge, na mwaka 1981 akajiunga na elimu ya watu wazima kwa Mwalimu Valerian, ambaye sasa ni marehemu, aliyewafundisha wakata mkonge habari za ubepari kwa maneno ya Mjerumani mmoja, picha yake niliiona ukutani, ndevu kama singa, nyuzi za mkonge, ambazo hazijapigwa brashi. Mwalimu aliwaambia kwamba mfanyakazi anauza nguvu zake kwa siku nzima, lakini ikifika katikati ya asubuhi anakuwa ameshakata mkonge wa kutosha kumlisha yeye na watoto wake, kinachobaki mpaka jioni anamkatia mwenye shamba bure, na mpaka wenyewe kati ya sehemu hizo mbili hauoni, kwa sababu jani la saa mbili na jani la saa saba ni lile lile.

Wengi walisinzia, marehemu hakusinzia, akaanza kuwauliza madereva wa malori singa inauzwaje Tanga, akawa anapiga hesabu kwa mkaa mlangoni kwa mama, na tangu hapo kila asubuhi aliingia kwenye mstari wake wa mkonge akiimba, anakata na kuimba, mpaka afike kwenye ule mche ambao kwa hesabu yake riziki yake imetimia, hapo ananyamaza kimya, anakata mpaka jioni hata mluzi hapigi. Mzee Sabiri, nyapara wao, alikuwa akimtania, "Wewe Ponsiano, redio imeisha betri?" naye anamjibu, "Hapana mzee, hapa nimeingia kwa mwenye shamba, kwake sina wimbo," wakata mkonge wanacheka, nyapara naye anacheka, halafu anakwenda kusema ofisini.

Miaka ile wimbo ulikuwa unaishia saa nne, sisi wanawake wa kambini tuliinjika maharage kwa kuusikiliza, lakini shamba lilipouzwa mwaka 1998 mistari ikaongezwa urefu, wimbo ukawa unaishia saa tatu, na miaka hii ya karibuni ulikuwa unakatika hata chai haijapoa. Nilidhani koo linazeeka, nikamletea tangawizi, akacheka akaniambia, "Dada, koo zima kabisa, mpaka ndio unaosogea."

Tarehe 2 Mei 1987 alifunga ndoa na wifi yangu Grasiana, jana yake alikuwa kwenye maandamano ya Mei Mosi, akaingia kanisani sauti imekauka, ikabidi padri amuulize mara mbili kama amekubali, na kuna mama mmoja wa Mashewa aliyetamani asingekubali, simtaji, yupo hapa leo na amevaa viatu vipya. Mungu aliwajalia watoto wawili, Denis aliyezaliwa mwaka 1988, anaendesha bodaboda mjini, na Angel aliyezaliwa mwaka 1992.

Mwaka 2016 alihamishiwa kwenye banda la brashi, wanakosafishia singa, vumbi lile mnalijua, kikohozi kikaanza, wakamrudisha kwenye kisu, na Septemba 2021 alipofikisha miaka sitini akaagwa kwa soda na makofi, Jumatatu iliyofuata akaitwa tena kama kibarua wa kutwa, mstari ule ule, urefu ule ule, ila jina lake halikuwa tena kwenye kitabu cha waajiriwa, na mimi tangu siku ile nilianza kuwatazama hawa watu kwa jicho la pembeni.

Jumatano tarehe 14 Agosti 2024, kabla ya saa tano, marehemu alianguka katikati ya mstari kisu kikiwa mkononi, wakata mkonge wenzake Sharifu na Mustapha wakambeba kwa tela la trekta mpaka barabarani, wapo hapa wote wawili, nanyamaza kidogo wanikatize kama naongopa.

Hawajanikatiza. Akalazwa hospitali, na Ijumaa tarehe 16 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, akakata roho, mimi nikiwa nimemshika mguu.

Sasa karatasi ya Bwana Habakuki, ninayo hapa kwenye pindo la kanga, inasema marehemu alikuwa mpole na mkimya asiye na lalamiko, kwamba aliacha kazi tarehe 30 Juni mwaka huu, na kwamba amefariki nyumbani kwa maradhi yake ya siku nyingi, na mjane ameambiwa akitia sahihi kwamba hayo ni kweli atabaki kwenye nyumba ya kambi. Mimi wa darasa la nne nikaigeuza nikatafuta tarehe, nikaikuta chini kabisa, imeandikwa tarehe 15 Agosti, Alhamisi, siku ambayo mdogo wangu alikunywa uji vijiko vitatu akaniuliza kama Denis amekula. Bwana Habakuki, ulimwandikia mtu historia ya kifo chake akiwa anakunywa uji, nani alikutuma, na mlikuwa na haraka ya nini?

Ukimya mnaomsifia haukuwa upole, ulikuwa ndio lalamiko lake lenyewe, miaka yote hiyo kila siku, mkalisikia mkaliita tabia njema.

Ukoo ulikaa leo asubuhi, na Grasiana mwenyewe amesema hatii sahihi, akitolewa kambini chumba kipo kwangu Misima, choo kiko nje lakini mlango una funguo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliochota maji na kulala hapa siku zote hizi, wakata mkonge wenzake mliochimba kaburi jana baada ya kutoka kazini, miili imechoka, na shamba pia tunalishukuru kwa mchele, wali tutaula, karatasi wairudishe.

Mdogo wangu Ponsiano, huko unakokwenda mstari ni wako wote, imba mpaka mwisho. Pumzika kwa amani.