Ustadi Allahdino na Buluu ya Hala

Ndugu na majirani mlioketi nasi hadi leo siku ya tatu, mimi Sumar, mpwa wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda maneno mengi, nitajitahidi nisimkere.

Mjomba Allahdino, mwana wa Pirbakhsh mfinyanzi, alizaliwa hapa Hala tarehe 4 Machi 1858, akasoma Kurani miaka mitatu, na mwaka 1870 akaingia karakana ya baba yake, ambako mwaka 1883, baba akiwa mahututi, alinong'onezwa vipimo vya buluu yetu, rangi ya kung'arishia vigae na mitungi, vile ambavyo hupewa mwana wa kiume peke yake, maana binti akiolewa huondoka navyo.

Alimwoa marehemu Bhagbhari tarehe 12 Novemba 1885, wakajaliwa mtoto mmoja tu, Zulekha, aliyezaliwa 1890 na kuolewa 1908 na mchapa vitambaa wa mtaa wa pili, na hofu ya mjomba ikawa kwamba buluu ingezikwa pamoja naye. Mimi nilijaribiwa kama mrithi miezi miwili, nikavunja mitungi kumi na mmoja, tukasameheana.

Alitengeneza vigae vya misikiti na makaburi ya mapiri, mawalii wetu, pamoja na mitungi ambayo maofisa wa Kiingereza waliinunua kwa ajili ya maonyesho ya Karachi, Bombay na London. Mwaka 1904 ofisa mmoja alivitaka vipimo vyenyewe, mjomba akamtajia majivu na mawe kwa heshima zote, shaba akaiacha, na ofisa aliporudi kulalamika kwamba huko Bombay chungu kimetoka na rangi ya tope, akamjibu, "Sahibu, labda ni maji ya kwenu."

Mwaka 1925 moshi wa tanuri ulimpofusha macho, lakini buluu iliendelea kutoka safi, na mwaka 1928 mtungi mkubwa wenye jina lake ukachukuliwa na jumba la makumbusho la London, sote tukamsifu, naye Zulekha, aliyekuja kila asubuhi kumsagia baba mawe, akaendelea kusaga.

Aliugua kifua tangu Januari, akafariki Jumatano tarehe 18 Februari 1931. Siku mbili kabla alimwita Zulekha mbele yetu.

"Mwanangu, ule mtungi wa London uliuzidishia shaba kidogo."

"Kumbe ulijua, baba?"

"Macho sina, masikio ninayo. Mizani yako naisikia tangu una miaka saba, nilikuwa nangoja uniambie."

Akacheka hadi kikohozi kikamshika, kisha akaagiza kigae cha kaburi lake akichome Zulekha.

Tunamshukuru Daktari Hotchand aliyemtibu, wachapa vitambaa waliobeba jeneza, na majirani waliotupikia, kwani jikoni kwetu hakujawaka moto siku tatu. Tanuri ndilo alilowasha Zulekha juzi, na hatukumwomba mtu ruhusa.

Kule London jina la mjomba likae mtungini lilivyo. Hapa Hala, kwenye ukingo wa chini wa kigae cha kaburi kinachopoa sasa hivi, limeandikwa la aliyekichoma, Zulekha binti Allahdino. Lala kwa utulivu, mjomba, buluu ipo.