Ndege Aliyekosa Shahidi wa Pili

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Twende, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba. Bibi alisimulia kuwa alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo hakupatikana wa kumkalisha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Ana akili, ila dirisha linamfundisha kuliko mimi."

Mwaka 1972 aliajiriwa idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miguu miaka thelathini na minne. Wenzake wakikuta geti limefungwa walikisia. Yeye alirudi hata mara nne. "Mita haikisiwi," alisema. Mbwa wote wa mitaa yake walimfahamu, na wawili walimng'ata.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani. Siku hiyo bwana harusi alitafutwa, akakutwa nyuma ya ukumbi anachungulia kiota kwenye paa. Mama husema mpaka leo, "Mwenzenu niliolewa na miguu, mwenyewe nikawa namsubiri afike."

Alipostaafu mwaka 2006 alianzisha chama cha watazama ndege. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi walikutana kwenye mabwawa ya majitaka, darubini shingoni, leso puani. Sheria aliitunga mwenyewe: ndege haingii daftarini mpaka aonwe na watu wawili. Tarehe 9 Mei 2009 alimwona, peke yake, keremkerema wa koo jekundu ametua kwenye waya wa umeme. Katibu wa chama, mwalimu mstaafu, alipofika mbio, waya ulikuwa mtupu.

"Sheria ni msumeno, Mzee," katibu alimwambia.

Baba hakubisha, ila kwa miaka kumi na mitano hakupita chini ya waya bila kuinua shingo.

Januari 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa. Asubuhi ya tarehe 2 Juni alinikamata mkono, akaelekeza dirishani. "Yule pale! Koo, tazama koo! Umemwona?"

Niligeuka. "Nimemwona, Baba."

Katibu alileta daftari, tukatia sahihi, Baba na mimi bintiye mkubwa. Mchana ule alilala kwa utulivu ambao hatukuwahi kuuona. Alifariki tarehe 4 Juni, saa nne asubuhi.

Kwenye kijitabu mlichoshika, hapa inafuata orodha ya familia. Naomba mnivumilie kidogo. Sikumwona yule ndege. Niliona waya wa nje ya dirisha la hospitali unatikisika, basi. Tangu siku hiyo nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Nilitaka afurahi, lakini nilikisia mbele ya mtu ambaye hakukisia hata mita moja, na inaniuma. Katibu, futa sahihi yangu. Yake iache, maana yeye hakuwa mwongo.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, darubini yenye kioo kimoja kilichopasuka, na ndege mia mbili na kumi na mmoja daftarini, ambao kuanzia leo ni mia mbili na kumi.

Pumzika kwa amani, Baba, safari hii ukae kweli. Jumamosi saa kumi na mbili nitakuwa mabwawani, chini ya ule waya.