Mrusi wa Ladywood

Benchi letu liko nje ya duka la Lakhbir, hapa Ladywood ughaibuni, anapouza kadi za kupigia simu nyumbani, na kwa jinsi tusivyonunua kitu, mtu huyu ametuvumilia kuliko tunavyostahili. Jumamosi ile ya Januari 2006 baridi ilikuwa inang'ata masikio. Tulikuwa wanne na thamosi moja ya kahawa ya tangawizi: mimi, kisha Otieno, tunayemwita Ripota kwa kuwa kila tukio la dunia hii yeye alikuwepo, Papa Mukendi wa Lubumbashi, yaani Kamanda, ambaye hajawahi kushika hata manati, na Warsame, dereva wa teksi, Msomali aliyezaliwa Garissa na aliyekaa siku hiyo kama mfiwa. Mkewe Mulki hakuwa amemsemesha tangu Idi, mumewe alipozisifu sambusa za jirani mbele ya wageni. Sote tulijua. Yeye alidhani hatujui.

— Wazee, niulize tu, Warsame akaanza. Ile vita baridi ya Marekani na Urusi, iliisha aje?

— Ya nini? nikamchokoza.

— Historia tu, walahi.

Ripota akakohoa kidogo.

— Kwanza uelewe baridi ni nini. Ni kama soda kule kwetu Kisumu. Ukiitisha soda moto hawaichemshi, ni ile tu haijaingia kwa friji. Sasa vita ni ileile, ila hii ilisahauliwa kwa friji ikaganda.

— Hapana, akasema Kamanda. Balikuwa banaogopana, c'est tout, basi. Kila mutu iko na bomu. Donc hakuna mwenye anaanza.

— Kwani hawakupigana kabisa?

— Balipigana, lakini kwa batu bengine. Angola. Kwetu. Kwenu Somalia.

— Somalia tuliolewa na Mrusi, tukaachika, tukaolewa na Mmarekani, Warsame akasema. Na harusi zote mbili hatukualikwa.

Tulicheka mpaka Lakhbir akachungulia dirishani.

— Sasa tuseme, Warsame akaendelea, tuseme Mrusi amenuna. Haongei. Anatuma mtoto: "Kowsar, mwambie baba yako chai iko mezani."

— Na mtoto?

— Anakuja na Kiingereza chake. "Dad, tea."

— Huyo mtoto ndiye Angola, Ripota akasema kwa huzuni.

— Na Mrusi amepanga mito katikati ya kitanda.

— Huo ni ukuta wa Berlin. Fahali wawili hawakai zizi moja, ndiyo maana mmoja hulala kwa sofa.

Kamanda akainua kidole.

— Rusha kitu juu. Mrusi alirusha imbwa, Mmarekani akarusha mutu mpaka ku mwezi. Bahenga balisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa.

— Nirushe nini, Kamanda? Naishi ghorofa ya kumi na moja.

— Wacheni, Ripota akasema. Hiyo vita iliishia jikoni. Mmarekani alipeleka hambaga Moscow, watu wakapiga foleni, wakaonja, wakalia. Hapo ndipo mambo yote yalipoanguka. Mimi nilikuwepo.

— Ulikuwa Moscow?

— Nilikuwa na redio.

— Kwa hivyo nimpikie?

— Ukipika wewe, nikamwambia, hilo ndilo bomu lenyewe.

Hakucheka. Aliiangalia kahawa yake.

— Nyumba imekuwa kubwa sana, jamaa. Kumbe ni sauti yake ilikuwa inaijaza.

Ripota akamshika bega.

— Mngoje tu. Mrusi atachoka.

— Hachoki huyo. Mrusi ana kichwa kigumu kama mama yake.

— Mrusi ni nani?

Sauti ilitoka nyuma yetu. Mulki alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, kadi ya simu mkononi, na haijulikani alikuwa amesikia kuanzia wapi. Kamanda akainamisha thamosi kwenye kikombe, hakikutoka kitu, akazidi kuiinamisha. Ripota akaanza kuzikagua kamba za viatu vyake.

— Baba Kowsar, nakuuliza wewe. Mrusi ni nani?

Warsame alitugeukia sisi, uso umemchanua.

— Mmesikia? akanong'ona. Ameniuliza mwenyewe. Hajatuma mtoto.