Asajile na Mashua Isiyoamsha Viboko

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Danford, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu Asajile, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi.

Alizaliwa mwaka 1904 hapa Ihanda, akasoma shule ya misheni Mbozi kuanzia 1919 hadi 1922, alikojifunza pia kuongoza kwaya, kisha akaenda machimbo ya dhahabu ya Lupa na kupata ufundi wa injini. Tarehe 7 Juni 1930 alifunga ndoa na Ferista, binti wa kijiji cha Ibaba, wakajaliwa watoto watatu, Boazi, Enesi na Tabita.

Mwaka 1938 aliajiriwa Ziwa Rukwa, kwenye mashua ya kubeba wagonjwa, iliyoundwa awali kwa ajili ya mashindano na yenye injini ya kasi, lakini bomba lake la moshi lilinguruma hata viboko wakakurupuka na kupindua mitumbwi ya wavuvi. Mwaka uliofuata mkuu wa wavuvi, Mzee Yonasi, alimwambia, "Fundi, dude lako likipita, hata kiboko mwenye usingizi mzito anakuja kutusalimia. Linyamazishe kabla ya mvua, la sivyo lisitie nanga hapa tena." Wakati wa mvua barabara hufungwa, na bila mashua ile mama mwenye uchungu hakuwa na njia ya kumfikia daktari.

Kaka aliweka mabati yenye matundu ndani ya bomba, kelele zikapungua na mwendo nao ukafa, hata wanawake waliokuwa kwenye mtumbwi wakampita wakicheka, "Mwalimu wa kwaya, tukuvute kwa kamba?" Akayatoa, akayaelekeza maji yanayopoza injini yapite katika bomba pamoja na moshi, ngurumo ikazimika kama kaa lililotumbukizwa majini, kasi ikabaki, sote tuliokuwa ufukweni tukashangilia, lakini injini ilipozimwa maji yalirudi ndani yake na kuiharibu. Akaitengeneza upya, akalipandisha bomba juu kama shingo ya bata kabla ya kuliteremsha, maji yasipate njia ya kurudi.

Tarehe 22 Oktoba 1939 aliipakia kwaya yake yote, akamwomba Mzee Yonasi asimame ufukweni asikilize. Mashua ikaja kwa kasi yake yote, maji yakiruka pande mbili, viboko wametulia, kwaya inaimba, na Mzee Yonasi akaingia majini hadi magotini akipiga kelele, "Sauti ya kwanza wamechelewa! Nawasikia! Ubeti wa pili wamechelewa!" Tangu siku hiyo mashua haikuzuiwa tena.

Mwezi huu wa Februari 1944, akiwa Kamsamba, karibu na ziwa, alishikwa na kichomi, barabara zikiwa zimefungwa, akalazwa katika mashua ileile, Mzee Yonasi akiwa pembeni yake. Alifumbua macho akauliza, "Mbona hatuondoki?" Mzee akamjibu, "Fundi, tumeshavuka nusu ya ziwa." Kaka alicheka hadi akakohoa. Alimfikia daktari akiwa hai, akaonana na mkewe na wanawe, na tarehe 12 akafariki.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wake, wafanyakazi wenzake wa mashua, wavuvi, na majirani wa Ihanda na wa kijiji cha Ruanda waliobeba jeneza kwenye matope. Kwaya sasa itaimba wimbo uleule wa siku ya jaribio, na Mzee Yonasi yupo hapa, anasikiliza.

Pumzika kwa amani, kaka, tumeshavuka.