Mama Vichupa na Trei Mbili Zilizobadilishana

Wapendwa waombolezaji, familia imenipa mimi, shemeji yake, heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye kazini walimwita Mama Vichupa, kwa kuwa mkono wake haukukosa kichupa cha damu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1976, akahitimu stashahada ya maabara mwaka 1980, akaajiriwa hospitalini, na tarehe 6 Agosti 1983 akafunga ndoa na fundi seremala mpole, wakajaliwa binti na mwana, ambao wote tunao hapa.

Mwaka 1997 alihamia taasisi ya utafiti wa dawa, na mwaka 2001 mdogo wake, yaani mke wangu, fundi cherehani kama baba yao, alishikwa na ugonjwa wa viungo, vidole vikajikunja hata kufunga kifungo ikawa shughuli. Dawa iliyomfaa ilikuwa kipande kidogo cha kingamwili, yaani protini ya kinga ya mwili, lakini kwa udogo wake figo zilikichuja na kukitoa kwenye mkojo kabla jua halijazama, hivyo akachomwa sindano kila siku, mapaja yakawa magumu kama ubao. Taasisi ikaanza kukiwekea kipande hicho ncha ya kushikilia protini kubwa ya damu, kizunguke nayo, figo zisikipitishe, na kazi ya marehemu ikawa kupima damu ya watu arobaini waliojitolea, ijulikane dawa inadumu siku ngapi.

Machi 2009 majibu yalionyesha kwamba siku ya ishirini na moja dawa ilikuwa bado tele, wakubwa wakashangilia, mkutano wa kuyatangaza ukapangwa. Siku mbili kabla, marehemu akipitia daftari lake, aligundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa amebadilisha kimakosa trei mbili za vichupa vya damu, ya siku ya nne ikasomwa kama ya siku ya ishirini na moja. Hakuna mwingine aliyejua. Alikwenda kubisha mlango wa mkuu wa maabara.

"Mama, ungenyamaza nani angejua?" mkuu akamuuliza.

"Mapaja ya mdogo wangu yangejua," akajibu.

Kazi ilirudiwa miezi tisa, wenzake wakimnunia, wengine wakihama meza aliyokalia, naye akikonda. Tarehe 11 Januari 2010 majibu ya kweli yakatoka, kwamba siku ya kumi na saba, nusu ya dawa ilikuwa bado ndani ya damu, marehemu akaketi sakafuni palepale koridoni, akacheka mpaka akalia, na mkuu akaketi kando yake. Mwaka 2016 mke wangu alianza kuchomwa dawa hiyo mpya, sindano moja tu kila wiki mbili, akarudi kwenye cherehani yake.

Marehemu alistaafu mwaka 2018. Septemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, tukaogopa mno maumivu, lakini yalidhibitiwa, na tarehe 2 Mei 2023, saa nne asubuhi, mdogo wake akimsuka nywele, alivuta pumzi ndefu, akatulia. Tumelia, lakini pia tumeshusha pumzi, kwani hakuteseka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtuliza, majirani waliopokezana kumlinda, na wenzake wa maabara, pamoja na wale walionuna, ambao leo wamebeba jeneza lake.

Kapumzike kwa amani, Mama Vichupa, sisi tumetua mzigo wa hofu, nawe tua wako.